Nyumba ya wageni Jambiani: kusi limeingia, joto limepungua, mbona umeme haushuki na ukungu unaota?

#1 Kibandani
Wakuu, salaam. Nina nyumba ya vyumba vitatu Jambiani. Haiko mstari wa kwanza baharini, iko upande wa pili wa barabara, lakini upepo unatufikia vizuri. Naipangisha kwa wageni wa likizo. Kila chumba kina AC ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) na sebuleni kuna panga boi mbili. Bati ni la rangi ya makaa, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma.

Kaskazi, Desemba mpaka Machi, umeme unapanda, hilo nimelizoea na bei ya chumba naipanga hivyo. Kusi likiingia, Juni, Julai, Agosti, mtu unalala umejifunika shuka, kwa hiyo nategemea TUKUZA, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ipumzike. Haipumziki. Uniti zinakwenda karibu sawa na za Februari. Na ni miezi hiihii ya kipupwe ndipo makabati yanaota ukungu, mito inanuka, na mgeni mmoja kaandika kwenye maoni yake kwamba chumba kina harufu ya pango.

Umeme unakwenda wapi wakati hakuna joto? Na ukungu unatoka wapi wakati masika imeshapita? Naomba wenye nyumba na mafundi. Wasiojua wakae siti ya nyuma.

#2 mchungu_mtamu
Siti ya nyuma nimeshaikalia mkuu. Ila huyo mgeni hana shukrani, pango la hapo Jambiani watu wanalipa kuingia.

#3 Bint Shangani
Kibandani, mie nasimamia nyumba za watu Mji Mkongwe na Bwejuu. Kabla hujamwita fundi, mchunguze mgeni. Mtu aliyetoka Ulaya mwezi wa Julai, kwake ni kiangazi, kipupwe hakijui. Ameshaamini Zanzibar ni joto tu, akiingia chumbani cha kwanza ni rimoti, anaweka 18. Baada ya saa anasikia baridi. Haizimi, anafungua mlango wa baraza aingize upepo wa bahari, na AC inaendelea. Akienda kuogelea anaiacha inawaka ili akirudi akute ubaridi. Kaskazi angalau mlango anaufunga mwenyewe, maana nje kuna fukuto.

Bwejuu nimefunga viswichi vya sumaku kwenye milango ya baraza. Mlango ukikaa wazi dakika moja, AC inakata. Fundi umeme wa kawaida anaweza kukufungia. Wapo wageni walionuna mwanzo, nikawaeleza, yakaisha.

#4 FundiBaridi
Kabla sijasema lolote nahitaji vipimo vya vyumba.

#5 Kibandani
Mita 4 kwa 3 na nusu, kimo mita 2.7. Vyote vitatu sawa. Aliyeniuzia alisema kubwa ndiyo inapoza haraka.

#6 FundiBaridi
Hapo ndipo penye kesi. Mita 14 za mraba zinataka BTU 9,000. Kwa bati jeusi na jua la Februari, tuseme 12,000. Wewe umefunga 18,000.

AC inafanya kazi mbili kwa pamoja: inashusha joto na inakamua maji yaliyomo hewani. Maji yanakamuliwa pale tu kompresa, ile pampu ya gesi, inapozunguka na koili ya ndani, yale mabomba ya kupoza, ikawa baridi. Julai hewa ya chumba chako ni kama digrii 25 au 26. Mgeni kaweka 23. Mashine kubwa namna hiyo inashusha hizo digrii mbili tatu kwa dakika chache, kompresa inakata. Feni ya ndani haikati, inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa, na yale maji yaliyokamuliwa yanarudi chumbani. Chumba kinakuwa baridi na kibichi. Mgeni anahisi mwili unanata, anadhani ni joto, anashusha 20, anashusha 18. Umeme na ukungu vyote viwili vina baba mmoja.

Februari hali ni nyingine. Kompresa inazunguka mfululizo, lile bomba la plastiki linalotoka ukutani linadondosha maji mchana kutwa, chumba kinakauka.

Zikifa hizo, nunua 12,000 ya inveta, ambayo inapunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima. Kwa sasa wafundishe wageni kutumia ile modi yenye alama ya tone la maji kwenye rimoti.

#7 Mkunazi
Fundi kaeleza vizuri, lakini hakuna aliyetaja bafu. Kipupwe ndiyo miezi watu wanaoga maji ya moto. Lita 50 kutoka digrii 25 mpaka 60 ni uniti 2, pigeni hesabu wenyewe, na hapo sijaweka joto linalovuja kwenye tangi usiku kucha. Mgeni anatoka kwenye kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara baharini, mwili mzima chumvi na mchanga, upepo wa kusi umempiga. Huyo anasimama chini ya maji ya moto mpaka tangi liishe. Asubuhi tena. Vyumba vitatu, kujaza mara mbili kwa siku, uniti 12 zimeondoka na hakuna aliyegusa rimoti ya AC.

Kaskazi wageni haohao wanaoga maji yalivyo, maana tangi la juu ya paa limeshapata jua na maji yanatoka ya vuguvugu. Kibandani, hita zako zinazimwa saa ngapi?

#8 Kibandani
Hazizimwi. Ni za lita 50 kila bafu, zinawaka mwaka mzima. Kuna wageni wanaofika na ndege ya usiku, sitaki wakute maji baridi.

#9 mchungu_mtamu
Kesi imefungwa. Mkunazi akafuate soda dukani, nitalipa.

#10 FundiBaridi
Haijafungwa. Hita inaeleza umeme, haielezi ukungu. Mkunazi atuambie hita inaotaje kuvu kabatini.

#11 Mkunazi
Mvuke. Bafu la ndani ya chumba, maji ya moto robo saa, mlango wa bafu wazi, dirisha la bafu dogo na limefungwa kwa kuogopa mbu. Mvuke wote unaingia chumbani, unakwenda kukaa kwenye ukuta baridi nyuma ya kabati. Kafunge feni ya kutolea hewa bafuni uone.

#12 Chumvi Kali
Niko Nungwi, naendesha nyumba za wageni. Nyote mnaangalia ndani, tokeni nje mkaangalie kisanduku cha nje cha AC. Jambiani inatazama mashariki, na kusi linapiga kutoka kusini-mashariki, Juni mpaka Septemba, linabeba vinyunyizi vya bahari mpaka ng'ambo ya barabara. Chumvi inakaa kwenye mapezi ya aluminiamu, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, inatoa unga mweupe, kisha inayala. Nilifunguliwa moja Paje, ukigusa mapezi kwa kidole yanaporomoka kama majivu. Kisanduku kikifika hapo hakitoi joto, kompresa inazunguka muda mrefu kwa kazi ileile. Ndiyo sababu unalipa umeme wa Februari mwezi wa Julai.

Osha kwa maji matamu kila wiki mbili msimu wa upepo. Breka chini kwanza, presha ndogo, mapezi yasipinde. Na jihadhari, visima vingi vya mashariki maji yake yenyewe yana chumvi. Mimi natumia ya mvua, nina tangi la mabati ya paa. Ukinunua mpya, uliza zenye mapezi yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, na kisanduku ukifunge upande usiopigwa na upepo.

#13 Bint Shangani
Mtu wa Nungwi anatusomesha kusi la Jambiani! Kaskazi nayo si inaleta chumvi? Huko kwenu ndiyo inapiga moja kwa moja. Kama chumvi ipo misimu yote miwili, bado hujatueleza kwa nini kusi tu.

#14 Chumvi Kali
Dada, chumvi ya kaskazi inakusanyika, ya kusi inaikuta. Mpaka Julai imeshakuwa tabaka. Osha Aprili na Mei uone tofauti.

#15 Mtaa wa Ruwi
Salaam kutoka Maskati. Huku Juni ni digrii 40 na zaidi, AC inazimwa pale inapoharibika tu. Nadhani gesi imepungua. Ndugu zangu walioko Unguja wanaongezewa gesi kila baada ya miezi mitatu minne, fundi anakuja na mtungi, anachukua hela yake, baridi inarudi. Kibandani, mara ya mwisho umeweka gesi lini?

#16 FundiBaridi
Ndugu yangu wa Maskati, hapo nakusahihisha kwa heshima. Gesi ya AC haiishi, si ya kupikia. Inazunguka kwenye mabomba yaleyale miaka yote. Ikipungua maana yake kuna tundu, mara nyingi kwenye maungio ya shaba au kwenye koili iliyoliwa na chumvi. Fundi anayekuja na mtungi kila miezi mitatu bila kutafuta tundu anakuuzia hewa.

Na muulizeni ni gesi gani. Za zamani ni R22, hiyo inaharibu tabaka la ozoni na dunia inaiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Zikaja R410A, sasa R32. Hazichanganywi, na mashine ya R22 haijazwi R32.

#17 Sauti ya Tatu
R32 ni salama, haishiki moto, msiwatishe watu.

#18 FundiBaridi
Inashika, ila kwa shida. Ndiyo maana hatuchomelei bomba kabla ya kuitoa yote. Sitishi mtu, nimeona vijana wanachomelea na gesi ndani.

#19 Sauti ya Tatu
Sawa fundi. Basi mimi nasema ni umeme mdogo. Zanzibar inategemea waya wa chini ya bahari kutoka bara, uliowekwa 2010. Hoteli zimejaa pwani ya mashariki, jioni wote wanawasha, volti zinashuka. Mota ikipata volti ndogo inavuta ampea nyingi, inapata moto na kompresa inazeeka.

#20 Bint Shangani
Wa 2010 ni wa Pemba, umetoka Tanga. Unguja wa kwanza ni 1980, Ras Kiromoni mpaka Fumba, na wa pili, wa megawati 100, ni 2013. Sie tuliokuwepo hatuchanganyi tarehe hizo. Waya wa zamani ulipokatika Desemba 2009 tulikaa gizani mpaka Machi 2010, kaskazi nzima. Mji Mkongwe majenereta yananguruma kila kichochoro, na nyumba za matumbawe ndizo zilizolalika. Za matofali na bati wageni walihama.

Hilo la volti kushuka jioni silikatai. Lakini Agosti na Desemba, miezi yote miwili wageni wamejaa.

#21 Mshambaa wa Soni
Poleni na joto wadau. Huku kwetu uzi huu ungeandikwa kinyume. Nina nyumba ya wageni Lushoto, njia ya Irente. Watu wa Dar wanapanda Juni mpaka Agosti kutafuta baridi. Wanapita Mombo wanatoka jasho, wakifika juu saa mbili usiku wanatetemeka na kaptura zao, wanauliza hita iko wapi.

Niliweka hita za umeme za wati 2,000. Ikiwaka kwa muda wa saa tano jioni moja ni uniti 10, na kwa T1, bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida, na kodi zake uniti ni kama shilingi 356. Chumba kimoja, usiku mmoja, zaidi ya 3,500, na joto lenyewe linapotelea darini. Wakiwasha mbili pamoja na birika, breka inaanguka. Nimefikiria majiko ya mkaa vyumbani. Wenye uzoefu?

#22 Mlimani Tigoni
Mshambaa, tafadhali usiweke jiko chumbani. Nakuandikia kutoka Tigoni, Limuru, zaidi ya mita 2,000, Julai huku ni ukungu na manyunyu wiki nzima. Kila msimu wa baridi Kenya tunasoma habari ya watu waliolala na jiko na hawakuamka. Mkaa ukiwaka ndani unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, wala moshi huuoni. Inashika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kichefuchefu na uchovu, anadhani ni baridi na safari, analala. Basi.

Hata jiko lililobaki majivu mekundu tu bado linatoa. Mgeni wako hajui. Wewe mwenye nyumba ndiye unayejua, na ni juu yako.

#23 mchungu_mtamu
Bibi yangu Makete alilala na moto ndani maisha yake yote, akafa mzee kabisa. Si mnatia chumvi?

#24 Mlimani Tigoni
Nyumba ya bibi ilikuwa na paa la nyasi na mianya chini ya mapaa, moshi ulijitafutia njia. Nyumba ya sasa ina jipsamu juu, dirisha la aluminiamu lenye mpira pembeni, na mgeni anaweka taulo chini ya mlango kuzuia upepo. Hewa haitoki. Na hita za maji za gesi zilizofungwa ndani ya bafu zinaua vilevile. Weka kengele ya kugundua hewa hiyo kila chumba chenye moto, zipo za betri, na hita ya maji ya gesi ikae nje ya nyumba.

#25 Njombe Ndani Ndani
Naunga mkono #22 kwa mikono miwili. Huku Njombe tuko karibu mita 2,000 na Juni barafu ya asubuhi kwenye majani si habari. Nyumba za wageni tunaweka meko ya ukutani yenye dohani, na yaliyo bora ni majiko ya chuma yenye mlango, bomba linatoka juu ya paa. Meko ya wazi yanapendeza kwa picha, lakini joto jingi linapanda na dohani, na moto ukizima usiku dohani inaendelea kunyonya hewa ya joto ya chumba. Lazima iwe na kifuniko cha kufunga asubuhi majivu yakishapoa. Yakiwa bado moto usifunge, tunarudi kwa Mlimani.

Kuni: wati mkavu (mti wa muwati, si wati za umeme) hauna mpinzani. Msindano una utomvu, unajaza masizi kwenye dohani, na masizi yakishika moto paa linaondoka. Kuni mbichi unachemsha maji yaliyomo kabla hujapata joto. Panga chini ya banda msimu mzima.

#26 Mshambaa wa Soni
Nimekuelewa Mlimani, jiko nimelifuta. Njombe, jirani yangu ana nyumba ya zamani ya wamisionari, ukuta wa mawe na meko ya hivyo. Asubuhi kwake kuna joto kuliko kwangu na kuni anatumia chache. Ni meko au ni ukuta?

#27 Njombe Ndani Ndani
Vyote. Jiwe linameza joto jioni, linalirudisha alfajiri. Tofali la inchi 5 halina cha kurudisha.

#28 Mtaa wa Ruwi
Nimesahihishwa kwenye gesi, asante fundi. Ila kwa Mshambaa nina jambo. Familia yetu ina nyumba ya kupangisha Jabal Akhdar, juu kule Saiq, kama mita 2,000. Watu wanapanda kukimbia joto la Maskati, na Januari usiku inakaribia sifuri. Tumefunga AC za pande mbili, baridi na joto. Uniti moja ya umeme inakupa joto la uniti tatu hivi, kwa sababu haitengenezi joto, inalichota nje na kulileta ndani. Hita yako ya wati 2,000 kwa uniti moja ya umeme inatoa joto la uniti moja tu. Kiangazi mashine hiyohiyo inapoza.

#29 FundiBaridi
Ni kweli, ina vali inayogeuza njia ya gesi. Kariakoo zipo, ila muulize muuzaji kwa kinywa kipana, nyingi zinazoletwa kwetu ni za baridi tupu.

#30 Mshambaa wa Soni
Na umeme ukikatika Lushoto saa tatu usiku?

#31 Njombe Ndani Ndani
Ndipo unapokumbuka kuni za wati. Na blanketi mbili.

#32 Mzee wa Mkomani
Nawasoma kutoka Lamu. Rudini kwa Kibandani, maana ugonjwa wake mimi nauona kwenye ukuta. Wazee walijenga kwa matumbawe na chokaa, ukuta unene wa nusu mita. Vyumba vyembamba kwa sababu boriti la mkoko haliendi mbali, dari juu sana. Katikati kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi, joto linapanda linatoka, hewa ya chini inaingia kutoka kichochoroni kwenye kivuli. Chokaa inanyonya unyevu usiku na kuuachia mchana. Lamu imewekwa Urithi wa Dunia 2001, na Mji Mkongwe mwaka mmoja kabla, na watu wanakuja kulala kwenye nyumba hizo.

Sasa mtu anajenga kwa saruji na mchanga. Mchanga umetoka wapi? Kama ni wa pwani, una chumvi, na chumvi inavuta maji ya hewani hata bila mvua. Juu yake anapaka rangi ya mafuta isiyopumua. Unyevu umefungwa ndani, ukipata chumba baridi cha AC unajitokeza nyuma ya kabati. Kibandani, mchanga wa nyumba yako uliutoa wapi?

#33 Kibandani
Mzee shikamoo. Nyumba niliinunua imeshajengwa, mchanga siujui. Rangi ni ya plastiki, inabanduka sehemu za chini, na chini yake kuna unga mweupe.

#34 Mzee wa Mkomani
Marahaba. Huo unga ndio jibu.

#35 Chumvi Kali
Mzee, heshima yako, lakini mgeni anayelipa dola mia kwa usiku hawezi kuambiwa habari ya boriti. Anataka AC, na kwenye maoni anapima AC.

#36 Mzee wa Mkomani
Mwanangu, huku kwetu wanalipa zaidi ya hiyo na wanalala na pangaboi na chandarua.

#37 Ziwa Elfu Kumi
Salaam kutoka Minnesota. Huku watu wanapangisha vibanda vya kando ya ziwa, na msimu wa baridi una sheria moja, nyumba tupu haizimwi joto. Wanaliacha kwenye digrii 10 au 13, maana maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 na bomba linapasuka. Asiyetaka kulipia anamwaga maji yote kwenye mabomba kabla ya kufunga.

Nauliza kwa sababu hiyo: Kibandani, kati ya mgeni na mgeni nyumba inakuwaje? Aprili na Mei ikiwa tupu?

#38 Kibandani
Inafungwa. Madirisha yote, kwa ajili ya mvua na wezi. Hita tu ndizo zinabaki zinawaka.

#39 Bint Shangani
Basi ukungu wako umeota masika, wewe unauona kipupwe! Nyumba imefungwa wiki nzima na mvua ile, magodoro na mbao zimeshiba maji. Julai mgeni anafungua kabati, anakuta kilichopandwa Aprili. Sie Bwejuu masika yote anakwenda mtu kila siku ya pili, anafungua milango ya kabati, panga boi zinazungushwa, mito inatolewa barazani ikipatikana saa moja ya jua. Panga boi ni wati 70, siku nzima haifiki uniti mbili. Na makabati tumeyatoa ukutani kiganja kimoja.

#40 mchungu_mtamu
Hesabu mpaka sasa: mgeni, ukubwa wa AC, hita, mvuke, chumvi ya nje, chumvi ya ukutani, volti, masika. Bati tu ndilo halijashtakiwa.

#41 Mhandisi Tegeta
Bati nalishtaki mimi, lakini kwa msimu wake. Zanzibar iko digrii 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo paa linapigwa wima, na bati la rangi ya makaa na jipsamu tupu chini yake linageuza dari kuwa hita. Paka bati rangi nyeupe, weka karatasi ya fedha chini ya bati, na matundu ya hewa kwenye pembe mbili za paa. Julai jua liko kaskazini na ni la upole, kwa hiyo tatizo la Julai silo la bati. Hapo nakubaliana na Mkunazi kuhusu hita.

Badala ya kubishana, nunueni mita ndogo. Zipo za kufunga kwenye reli ya breka, moja ya AC, moja ya hita. Mwezi mmoja unajua.

#42 Kibandani
Mrejesho wadau. Nimefunga mita kama alivyoshauri Mhandisi, hita nimeziwekea saa, zinawaka alfajiri na jioni. Visanduku vya nje vimeoshwa kwa maji ya mvua. Makabati yametolewa ukutani.

Umeme umeshuka, si kidogo. Lakini mwezi huu wageni nao walikuwa wachache, kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Ukungu: chumba cha kwanza na cha tatu vimekauka. Cha pili, cha katikati, AC ileile, rangi ileile, bafu lileile, kimeota upya kwenye kona ya chini.

#43 Mkunazi
Umeme umeshuka kwa sababu ya hita. Asante nimepokea.

#44 FundiBaridi
Chumba cha pili kapime bomba la kutolea maji ya AC. Likiziba au likipanda juu kidogo, maji yanarudi ndani ya ukuta.

#45 Mzee wa Mkomani
Kona ya chini ni ukuta unaovuta maji ya ardhi. Bandua rangi, paka chokaa.

#46 Bint Shangani
Kibandani, chumba cha katikati kina madirisha mangapi?

#47 Kibandani
Moja, linatazama magharibi. Vile viwili vya pembeni vina mawili mawili, upepo unapita.

#48 Bint Shangani
Toboa la pili juu ya mlango, liwe la vibao. Fundi seremala hapo Makunduchi anakufanyia kwa siku moja.

#49 FundiBaridi
Bomba kwanza.

#50 Mshambaa wa Soni
Wakati mnamalizana, mwenye AC ya pande mbili ya BTU 12,000 iliyotumika, isiyo ya R22, aje inbox. Naifuata mwenyewe mpaka Tanga mjini.